Ulalamike kwa nani? Nilizungushwa ofisi nne kabla ya kujua swali la kwanza la kujiuliza

#1 Mwandani

Wakuu, salaam.

Nimeamua kuanzisha uzi huu kwa sababu kila wiki mtu anauliza "hili nikalalamike wapi?" na majibu ni yale yale: nenda polisi, nenda kwa mbunge, wamwage mtandaoni. Njia hiyo nimeipita mwenyewe miezi mitatu. Niliyoyajua mwishoni, ningeyajua mwanzoni, ningeokoa viatu na usingizi.

Kisa kilianza hivi. Mdogo wangu alikopa kwenye programu ya simu. Alipochelewa kulipa siku nne, mimi ndiye niliyeanza kupokea ujumbe. Sikumdhamini, sikusaini popote, hata jina la programu hiyo sikuwahi kulisikia. Kosa langu ni kwamba namba yangu ilikuwa kwenye simu yake. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa staha: mkumbushe ndugu yako. Wa tatu ulimwita mwizi. Siku ya sita msimamizi wangu akaniita pembeni, akanigeuzia kioo cha simu yake. Picha ya mdogo wangu, neno TAPELI kwa herufi nyekundu limekatiza kifuani, na chini yake jina langu kamili: "mshirika wake". Mdogo wangu aliwahi kufanya kibarua pale kwetu, ndiyo maana namba ya msimamizi alikuwa nayo. Nilisimama pale mikono inatetemeka, nikitafuta neno la kusema.

Nikaenda polisi. Askari alinisikiliza vizuri, akasema deni ni suala la madai, si jinai. Nikaenda ofisi ya kulinda walaji: mikopo si yetu, jaribu benki kuu. Benki kuu, dawati la malalamiko: jina hilo la programu halimo kwenye orodha ya tuliowapa leseni. Nikaenda mamlaka ya mawasiliano: sisi tunasimamia mitandao ya simu, maneno yaliyomo ndani ya ujumbe huo yana wenyewe.

Nataka niseme jambo hapa ambalo limenichukua muda kulikubali: kwenye ofisi zote nne hakuna aliyenidanganya. Wote waliniambia ukweli kwa kadiri ya nilichowaeleza. Na nilichowaeleza wote ni sentensi moja: "kuna programu ya mikopo inanisumbua." Sentensi hiyo haina mwenyewe serikalini.

Ni dada mmoja wa dawati la mwisho aliyeniuliza, kwa upole tu, "Sasa wewe unataka nini kifanyike?" Nikakosa jibu. Nilitaka waache. Nilitaka waadhibiwe. Nilitaka msimamizi wangu aambiwe kwamba si kweli. Nilitaka mdogo wangu asitozwe riba ile. Usiku ule nikachukua karatasi nikaandika kila kimoja kwenye mstari wake, na ndipo nikaona kwamba mkononi nilikuwa na malalamiko matatu, nimeyafunga kwenye kitambaa kimoja.

La kwanza: mtu amechukua namba na jina langu kutoka kwenye simu ya mtu mwingine akavitumia bila ridhaa yangu. Hapo mkopo hauhusiki kabisa, hizo ni taarifa binafsi, na zina mamlaka yake.

La pili: mkopeshaji anadai deni kwa kuwatisha wasiokopa. Hilo linagusa leseni yake. Aliyempa leseni ndiye mwenye uwezo wa kuinyang'anya.

La tatu: picha na neno TAPELI kupelekwa kazini kwangu. Hilo ni la polisi, ila si kwa maneno niliyoanza nayo. Safari ya pili sikutamka neno "deni". Nilisema: "Natishwa na nachafuliwa jina, ujumbe huu hapa, namba iliyotuma hii, tarehe na saa hizi." Kituo kile kile, na nikafunguliwa jalada.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza, kabla hujauliza "nani atanisikiliza", ni hili: nani ana mamlaka ya kumfunga mkono aliyenikosea, na kwa tendo lipi hasa? Wa kukusikiliza utawapata wengi. Mwenye mamlaka juu ya tendo hilo moja kwa kawaida ni mmoja, au wawili.

Bado sijamaliza safari, nitawapa mrejesho. Nawaomba wenye uzoefu mshushe na yenu.

---

#2 Nahodha_Pweke

Mkuu, pole sana. Hiyo ya kugawa kisa vipande ningeijua mwaka juzi.

Swali: ulipoambiwa benki kuu kwamba jina halimo kwenye orodha, ulifanyaje? Maana hapo ndipo wengi tunapokata tamaa.

---

#3 Mwandani

Asante kwa swali, nililisahau na ni muhimu kuliko yote.

Jina la programu si jina la kampuni. Linaloonekana kwenye kioo ni jina la biashara tu, leseni huandikwa kwa jina lililosajiliwa. Nilifungua ukurasa wa masharti, ule mrefu ambao hakuna anayeusoma, nikashuka hadi chini kabisa. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina jingine kabisa. Nikalilinganisha na jina linalotokea mdogo wangu anaporejesha pesa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri. Yakafanana. Nikarudi kwenye orodha ya benki kuu na jina hilo, nikalikuta.

Risiti, masharti, jina la anayepokea malipo, jina la aliyeitengeneza programu pale unapoipakulia. Moja kati ya hayo litakupa jina halisi. Na kama kweli halimo kwenye orodha, hiyo nayo ni taarifa: unakwenda kuripoti anayefanya biashara bila leseni, na lalamiko hilo ni zito zaidi.

---

#4 Mzani

Mleta uzi ameshika penyewe. Niongezee upande wa sheria, maana watu wanadhani haya ni mambo ya kuombana huruma.

Kenya walitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 chini ya Benki Kuu, na kanuni zile zinakataza waziwazi vitisho, lugha ya matusi, na kuingia kwenye orodha ya namba za mkopaji ili kuwatumia watu wake ujumbe. Hiyo ni njia ya leseni. Njia ya taarifa binafsi ni nyingine: sheria yao ya mwaka 2019 ilianzisha ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ina tume yake. Ulaya, kanuni yao ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika 2018, ibara ya 77, inakuruhusu kulalamika kwa mamlaka ya nchi unakoishi, unakofanyia kazi au kosa lilikotendeka. Yaani mlalamikaji anachagua mlango katika hiyo mitatu. Natamani kila sheria ingeandikwa hivyo.

Lakini kuna tofauti moja inayowachanganya watu wengi kuliko zote: mdhibiti na msuluhishi si mtu mmoja kila mahali.

Mdhibiti anaangalia soko lote. Anatoa leseni, anapiga faini, anaandika kanuni. Msuluhishi anachukua kesi yako wewe na kampuni yako, anaamua nani ana haki. Uingereza, kwa mfano, Ofgem ndiye mdhibiti wa umeme na gesi, lakini lalamiko la mteja mmoja haliamui, linakwenda kwa Energy Ombudsman. Marekani, FTC, tume yao ya biashara, inapokea ripoti za utapeli kwa wingi, inazitumia kujenga kesi dhidi ya matapeli, lakini haikutatulii la kwako. Ukipeleka malalamiko ya benki kule kwa CFPB, ofisi yao ya kulinda wateja wa huduma za fedha, wao huipelekea kampuni, na kwa kawaida kampuni hujibu ndani ya siku 15, au hadi 60 yakiwa magumu. Upande wa pili, EWURA ya Tanzania, ile ya nishati na maji, inadhibiti na pia inasikiliza malalamiko ya mteja mmoja mmoja, na asiyeridhika ana baraza la rufaa la ushindani.

Kwa hiyo ukiandika kwa mdhibiti asiyesuluhisha ukakaa kungoja hela yako irudi, utangoja sana. Si kwamba wamekupuuza. Barua yako imeingia kwenye hesabu ya kumbana mkosaji siku moja, na hiyo ina faida yake. Ila hela yako inadaiwa kwenye mlango mwingine. Soma kwanza ukurasa wao unaosema wanafanya nini na hawafanyi nini. Ule wa "hatufanyi" ndio wenye faida zaidi.

---

#5 kijana_wa_zamu

Mimi naona mnazunguka sana. Siku hizi unapiga picha, unaweka mtandaoni, unamtaja waziri, kesho yake wanakuja mbio. Barua ya nini?

---

#6 Karani_Mstaafu

Mwanangu wa #5, nimekaa masjala miaka mingi, niruhusu nikueleze kinachotokea upande wa pili wa dirisha.

Ukiweka picha mtandaoni, wanaokuja mbio ni watu wa habari na uhusiano. Kazi yao ni kuzima kelele. Bomba limepasuka, maji yanamwagika barabarani? Sawa, hapo kelele inafaa, kwa sababu kinachotakiwa ni fundi na spana. Lakini kama unadai uamuzi, kwamba umelipishwa zaidi, umenyimwa kibali, umeachishwa, hakuna uamuzi unaotolewa kwenye maoni chini ya picha. Afisa hawezi kusaini kitu ambacho hakina kumbukumbu namba. Na siku ukifika kwenye rufaa, utaulizwa lini ulilalamika rasmi. Utaonyesha nini?

Sasa barua yenyewe. Inapofika masjala haisomwi yote. Karani anasoma mstari wa YAH: na aya ya kwanza, basi. Hapo anaamua inaingia jalada gani na inapanda kwa nani. Nimepokea barua nyingi za watu wenye uchungu wa kweli, kurasa nne, zinaanza na "Mheshimiwa, kwa masikitiko makubwa" na shida yenyewe iko ukurasa wa tatu. Barua ya namna hiyo inazunguka. Inakwenda idara hii, inarudi na dokezo "si yetu", inakwenda ile, inarudi. Mwenye barua anadhani ameonewa, kumbe hakuna aliyejua ni yake nani.

Andikeni hivi: YAH: LALAMIKO KUHUSU (tendo moja) LILILOFANYWA NA (jina lililosajiliwa) TAREHE FULANI. Aya ya kwanza, kilichotokea kwa sentensi mbili. Aya ya pili, mlichokwisha kufanya na majibu mliyopata. Aya ya tatu, mnachoomba. Vielelezo nyuma, vimepewa namba. Mambo matatu? Barua tatu. Najua inachosha. Lakini jalada moja haliwezi kukaa kwenye meza tatu.

Jambo jingine linaloniuma: barua yenye "Nakala kwa" ofisi kumi na mbili, kuanzia Rais hadi mwenyekiti wa mtaa. Mwandishi anaamini amejiongezea nguvu. Kinachotokea ni kwamba kila mmoja akiona orodha ile anasema, huyu mwingine atalishughulikia. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Peleka kwa mwenye mamlaka mmoja. Ukitaka nakala, iende kwa mmoja aliye juu yake, basi.

Na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukituma kwa mtandao, hifadhi namba unayopewa, ipige picha kabisa.

---

#7 Mwandani

Mzee Karani, shikamoo. Hiyo ya "jalada moja haliwezi kukaa kwenye meza tatu" nimeiandika kwenye daftari.

Nikuulize: ofisi ikisema "si yetu", ina wajibu wa kukuambia ni ya nani?

---

#8 Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Kwa utumishi mwema, ndiyo. Kwa sheria, inategemea ni ombi la aina gani. Kwenye maombi ya kupata taarifa, wapo waliofika mbali. India, kwenye sheria yao ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2005, ofisi ikipokea ombi lisilo lake inatakiwa ilihamishie kwa mwenye nalo ndani ya siku 5 na imjulishe mwombaji. Kenya nao, sheria yao ya 2016 ya kupata taarifa, wameweka siku 5 hizo hizo za kuhamisha. Ona uzuri wa jambo hilo: mzigo wa kutafuta mlango umetolewa begani kwa mwananchi ukawekwa begani kwa ofisi, ambayo ndiyo inayoijua nyumba.

Pasipo sheria hiyo, fanya mwenyewe. Ukiambiwa "siyo hapa", usigeuke. Uliza kwa adabu mambo mawili: ni ofisi gani, na naomba mniandikie hivyo. Hata mistari miwili ya barua pepe inatosha. Ukifika ofisi ya pili na karatasi ya ofisi ya kwanza inayosema "hili ni lenu", afisa hawezi kukurudisha kirahisi, kwa sababu sasa hakubishani na wewe, anabishana na ofisi mwenzake.

---

#9 Tumaini_la_Jioni

Mimi niongee la barabara, maana wengi wanaona ni jambo dogo. Kwenye kona ya njia ninayopita kuna shimo na taa ya barabarani imezimika. Usiku huwezi kuliona hilo shimo. Mwezi uliopita mtoto wa shule kwenye baiskeli alianguka pale akavunjika mkono. Nimepiga simu mara nne, kila ninayempigia ananiambia barabara hiyo si yake.

---

#10 Mzani

Pole, na asante kwa kutokuchoka. Barabara ndiyo mfano mgumu kuliko yote, kwa sababu kwa macho zote ni lami tu. Tanzania barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, za mijini na vijijini ni za TARURA iliyoanzishwa 2017. Kenya sheria ya mwaka 2007 ilizigawa kwa mamlaka tatu: za kitaifa KeNHA, za mijini KURA, za vijijini KeRRA, na kuna nyingine ziko chini ya kaunti. Uingereza barabara kubwa ni za National Highways na zilizobaki ni za halmashauri. Hata hapo, taa inaweza kuwa ya mwingine na lami ya mwingine.

Kwa hiyo fanya kama mleta uzi: shimo na taa ni malalamiko mawili. Nenda kaangalie nguzo ya taa. Mara nyingi ina kibao kidogo au namba iliyopakwa rangi, kama usawa wa macho. Namba hiyo ni ya mwenye nguzo. Ukiisoma kwenye simu, hawawezi kukuuliza "ni ipi?" Kwa shimo, tafuta namba ya barabara kwenye kibao cha karibu, piga picha yenye kitu kisichohama, na uweke mahali halisi kutoka kwenye ramani ya simu.

Baadhi ya miji ya Marekani waliona mateso haya wakaweka namba moja ya kila kitu kisicho cha dharura. Baltimore walianza na 311 mwaka 1996. Wewe unasema shida, mtu wa ndani ndiye anayejua ni ya idara gani. Kama mji wako una dawati au namba ya namna hiyo, anza nayo. Ila kwa kampuni binafsi haikusaidii.

---

#11 Sauti_ya_Chini

Naomba msaada, na samahani kama si mahali pake. Mwajiri wangu anakata mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi, kwenye hati ya mshahara unaonekana. Nimeangalia kwenye mfuko, miezi kumi na moja haujaingia. Naogopa kwenda ofisi ya kazi, atajua ni mimi. Tuko sita tu.

---

#12 Mwandani

Ndugu yangu, hapa ndipo mahali pake hasa.

Jiulize lile swali. Nani mwenye mamlaka juu ya tendo hili? Tendo ni mchango kukatwa na kutofikishwa. Anayedaiwa ni mwajiri, na anayemdai mbele ya sheria kwa kawaida ni mfuko wenyewe. Hela hiyo ni ya mfuko ikusubiri wewe. Mifuko mingi ina wakaguzi wenye uwezo wa kuingia, kufungua vitabu, na kutoza adhabu ya ucheleweshaji. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni mfuko, na ofisi ya kazi utaihitaji kama kuna jingine, mfano umeachishwa au mshahara wenyewe haulipwi.

Kuhusu hofu yako, ninaielewa. Uliza mfuko kama wanafanya ukaguzi wa kawaida wa waajiri, na uombe jina lako lisitajwe. Mkaguzi akija anaangalia vitabu vya wote sita, hana sababu ya kusema nani alimwita. Lakini kabla ya yote, chukua nakala za hati za mshahara za miezi yote kumi na moja, uziweke nje ya ofisi. Leo, sio kesho. Wengi wanakumbuka hati baada ya mlango kufungwa.

---

#13 Karani_Mstaafu

Nakazia la nakala. Na taarifa ya mfuko yenye tarehe uliyoichapisha. Ukiweka hati ya mshahara kushoto na taarifa ya mfuko kulia, huhitaji maneno mengi.

---

#14 Bahari_Shwari

Naona hakuna aliyemtaja mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali yenyewe, yule wanayemwita ombudsman. Mimi yeye ndiye aliyenitoa kwenye shimo, ofisi moja ilipokaa na ombi langu bila kujibu zaidi ya mwaka.

Huyu si wa kampuni wala wa jirani. Ni wa pale ambapo ofisi ya umma imekukosea: imekawia, imekunyanyasa, imekataa bila sababu. Asili yake ni Uswidi, katiba ya mwaka 1809. New Zealand walimchukua 1962. Na Afrika haikukaa nyuma: Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, na kazi yake leo iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kenya ina Ofisi ya Ombudsman tangu sheria ya 2011. Uganda kazi hiyo anayo Inspekta Mkuu wa Serikali, pamoja na kupambana na rushwa. Afrika Kusini yuko Public Protector.

Ila mjue masharti, yanawaangusha wengi. Kwa kawaida unakwenda kwake baada ya kulalamika kwanza kwa ofisi yenyewe. Kuna muda wa ukomo: Afrika Kusini ni miaka 2 tangu tukio, labda pawe na sababu maalumu. Uingereza, malalamiko dhidi ya wizara lazima yapitie kwa mbunge. Na Ombudsman wa Ulaya anagusa taasisi za Umoja wa Ulaya tu, si serikali ya nchi yako, ndiyo maana anapokea barua nyingi zisizo zake. Mara nyingi pia anapendekeza tu, halazimishi. Lakini mapendekezo yake yana uzito. Ofisi iliyonikalia mwaka mzima ilinijibu wiki ya tatu baada ya barua yake.

---

#15 Nahodha_Pweke

Hili la muda wa ukomo lingeandikwa kwa rangi nyekundu. Mimi nilingoja kampuni ya bima "ikamilishe uchunguzi" hadi muda ukapita. Hawakuniambia kwamba saa inahesabu.

---

#16 Mzani

Pole sana mkuu. Hilo ni dhuluma, na linatokea mno.

Mahali pengine sheria inaibana kampuni. Uingereza, kampuni ya fedha ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho. Zikipita bila jibu, unaruhusiwa kwenda kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa kesi za wateja na kampuni za fedha (si yule wa serikali wa #14), bila kuwangoja. Wakikujibu, unakuwa na miezi 6 tangu jibu hilo. Mnaona? Saa inaanza kwenye barua yao. Kwa hiyo popote ulipo, ukilalamika kwa kampuni uliza mambo mawili siku hiyo hiyo: mtanijibu lini, na nisiporidhika naenda wapi kabla ya tarehe gani. Andika tarehe hiyo ukutani.

---

#17 kijana_wa_zamu

Nimesoma yote. Nakubali nilikosea kuhusu barua. Niseme kilichonipata baada ya kuandika #5: wiki iliyopita niliweka lalamiko langu la benki wazi, na namba yangu ya simu. Ndani ya saa moja nikafuatwa na watu wawili, mmoja ana nembo ya benki, mwingine anasema ni "wakala wa serikali wa kurejesha fedha", nitangulize ada. Wa kwanza aliniomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Nilikuwa naiandika tayari, mama akaniuliza naongea na nani.

---

#18 Mwandani

Mshukuru mama. Na asante kwa kusema, kuna atakayeokoka kwa ujumbe wako.

Wadau wote: mtu akiwafuata faragha baada ya kuandika kwenye uzi huu, akisema anaweza kuwarudishia hela au anamjua mtu ndani, msimjibu. Ofisi ya umma haiombi namba yako ya siri, na hairejeshi hela yako kwa kukutoza kwanza kwenye simu ya mtu binafsi. Walioumizwa mara moja ndio wanaowindwa mara ya pili.

---

#19 Tumaini_la_Jioni

Mrejesho. Nilikwenda jioni na tochi. Kibao kipo kweli, kimefunikwa na bango la mganga, nikalibandua pembeni. Herufi mbili na tarakimu tano. Nilipoisoma kwenye simu, mpokeaji alinyamaza kidogo akasema, "Ndiyo, hiyo ni yetu." Mara ya kwanza kusikia neno hilo. Taa imewaka juzi. La shimo nimepewa namba ya kumbukumbu, naambiwa ni la ofisi nyingine, na wameniandikia jina lake kama mzee Karani alivyosema. Kesho naenda.

---

#20 Sauti_ya_Chini

Nimetoa nakala zote. Nimezipeleka kwa dada yangu. Nina miadi na mfuko Jumatatu.

---

#21 Mwandani

Nami nina mrejesho.

Mamlaka ya taarifa binafsi imenijibu kwa maandishi. Waliitaka kampuni ieleze ilikipataje na inakitumiaje kila kilicho changu. Kampuni imejibu kwamba imefuta namba na jina langu, na barua yake nimetumiwa nakala. Niliichapisha nikampelekea msimamizi wangu. Aliisoma yote, amesimama, akaikunja akanirudishia, akasema, "Kaa nayo, usije ukaipoteza."

La leseni liko benki kuu, nina namba, sijajibiwa. Polisi nimeitwa wiki ijayo kutoa maelezo ya nyongeza kuhusu namba iliyotuma ile picha. Mdogo wangu atakwenda na mimi, maana simu yenye ujumbe wa asili ni yake, na nimemwambia asifute hata mmoja.